Nani Anatunza Picha ya Kwanza? Historia ya Kufuta Nyuso na Maandishi

Mwaka 1937 Joseph Stalin alipigwa picha akitembea kando ya mfereji unaounganisha jiji la Moscow na mto Volga. Alifuatana na Voroshilov, Molotov na Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri. Yezhov ndiye aliyekuwa upande wa maji. Chini ya uongozi wake mamia ya maelfu ya raia wa Muungano wa Kisovieti waliuawa kwa amri za chombo alichokiongoza. Zamu yake nayo ikawadia: alikamatwa mwaka 1939 na kuuawa mwaka 1940. Picha ile ilipochapishwa tena, Yezhov hakuwamo. Pale alipokuwa amesimama palionekana maji ya mfereji, yametulia, kana kwamba hapakuwahi kupita mtu.

Nimeanza na picha hiyo kwa sababu mjadala wetu wa siku hizi kuhusu video za kughushi unaendeshwa kana kwamba tatizo limezaliwa juzi pamoja na akili mnemba. Katika semina na vyumba vya mikutano nasikia hofu ya aina moja: kwamba jicho haliwezi tena kutofautisha kweli na uongo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza swali jingine: ni lini jicho peke yake liliwahi kutosha? Nitajaribu kuonyesha hapa kwamba kila zama ya kughushi picha iliumbuliwa na kitu kimoja, nacho ni nakala ya kwanza iliyotunzwa mahali ambapo mkono wa mghushi haukufika.

Wembe na brashi

Kazi ya kumfuta Yezhov ilifanywa kwa mkono. Fundi alichukua nakala ya picha, akamkata mtu asiyetakiwa kwa wembe au kumfunika kwa rangi iliyopulizwa kwa bomba dogo la hewa, kisha akachora kilichopaswa kuonekana nyuma yake: ukuta, ngazi, maji. Kazi ilipokamilika ilipigwa picha upya, ikapatikana negativu mpya. Tangu hapo uongo nao ukawa na negativu yake, na nakala zilizochapwa kutokana nayo hazikuwa na alama ya wembe.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa tarehe 5 Mei 1920. Lenin anawahutubia askari mjini Moscow kabla hawajaondoka kwenda kupigana na Poland. Amesimama juu ya jukwaa la mbao, mwili umeinama mbele. Pembeni, kwenye ngazi za jukwaa, wamesimama Leon Trotsky na Lev Kamenev. Baadaye Trotsky alifukuzwa nchini, na Kamenev aliuawa mwaka 1936. Katika nakala zilizochapishwa baada ya wawili hao kupoteza nafasi zao, ngazi za jukwaa ni tupu. Kijana aliyesoma shule katika miaka hiyo aliweza kuijua hotuba, mahali na tarehe, asijue kamwe waliokuwa wamesimama hatua mbili kutoka kwa msemaji.

Maandishi nayo hayakuachwa. Ipo picha ya maandamano ya askari mwaka 1917 ambayo ilisambazwa kama kadi ya posta. Nyuma ya waandamanaji kulikuwa na bango la duka lililotangaza saa, dhahabu na fedha. Katika toleo lililofanyiwa kazi, bango hilo halitangazi tena saa. Linawahimiza watu kuipigania haki yao. Bendera ambayo maandishi yake hayakusomeka ikapewa maneno ya kuupinga ufalme. Tazama ujanja uliomo: maandamano yalikuwa ya kweli, na askari walikuwa wa kweli. Kilichobadilishwa ni maneno machache tu, mtaa wa kawaida wa biashara ukageuzwa kuwa mtaa unaohubiri mapinduzi.

Tendo la kusikitisha zaidi halikufanyika katika chumba cha wahariri wa serikali. Mwaka 1934 msanii Alexander Rodchenko alisanifu kitabu cha kuadhimisha miaka kumi ya Uzbekistan ya Kisovieti, kilichojaa picha za viongozi. Miaka michache baadaye wengi wa viongozi hao walikuwa wamekamatwa na kuuawa, na kumiliki picha zao kukawa hatari. Rodchenko akachukua wino mweusi, akafunika nyuso zao moja moja katika nakala yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hapo dola haikuhitaji tena kumtuma mtu wa kufuta.

Je, haya tumeyajuaje? Tumeyajua kwa sababu dola ya Kisovieti haikuweza kukusanya kila nakala. Magazeti ya awali yalibaki katika maktaba za nje. Postikadi zilibaki katika masanduku ya familia. Kuanzia miaka ya 1970 msanifu wa Kiingereza, David King, alizikusanya kwa subira, akaziweka picha za kwanza kando ya picha zilizoguswa, na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichozionyesha mbili mbili. Mkusanyiko wake leo uko katika makumbusho ya Tate, London. King hakuwa na mashine ya kutambua uongo. Alikuwa na nakala mbili.

Kinyago mbele ya lenzi

Wakati wahariri wa picha wakitumia wembe, watengenezaji wa filamu walikuwa na hila yao. Wao waliita maski. Mimi nitaiita kinyago, kwa kuwa kazi yake ni kuficha sehemu ili nyingine ionekane. Fundi alifunika sehemu ya fremu kwa kitu cheusi, akapiga picha, akarudisha filamu nyuma, akafunika sehemu iliyokwisha kupigwa na kuifunua ile nyingine, kisha akapiga tena. Mambo mawili yaliyotokea mahali tofauti yakakutana katika fremu moja.

Mwaka 1898 Mfaransa Georges Méliès aliwashangaza watazamaji kwa filamu fupi ambamo anaonekana akikitoa kichwa chake na kukiweka juu ya meza. Mwaka 1903 Edwin S. Porter, katika filamu yake kuhusu wizi wa treni, alionyesha treni ikipita nje ya dirisha la ofisi ya kituo, ilhali ofisi ile ilikuwa ndani ya studio. Watazamaji walilipa kiingilio wakijua kwamba wanakwenda kuona maajabu, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa.

Kinyago hicho cha awali kilikuwa na udhaifu mmoja: hakikuweza kutembea. Dirisha la Porter halikusogea, na kwa hiyo lilizibika kirahisi. Lakini mtu hutembea, hugeuka, huinua mkono. Mwaka 1918 Frank Williams, Mmarekani, alipata hataza ya njia ya kutengeneza kinyago kinachosogea pamoja na mtu: mwigizaji hupigwa mbele ya pazia la rangi moja, na kivuli cha umbo lake ndicho kinachokuwa kinyago kwa kila fremu. Pazia la kijani tunaloliona leo katika studio za televisheni, na katika vyumba vya vijana wanaorekodi video zao, ni mjukuu wa hataza hiyo. Mwaka mmoja kabla, Max Fleischer alikuwa amepata hataza ya kifaa kilichomwezesha mchoraji kufuata umbo la mtu aliyepigwa picha, fremu baada ya fremu.

Fremu baada ya fremu: hapo ndipo ulinzi wetu wa kale ulipokuwa. Filamu ya sauti huenda fremu 24 kwa sekunde. Dakika moja ina fremu 1,440, na hotuba ya dakika kumi ina fremu 14,400. Aliyetaka kumfuta Trotsky katika picha moja alihitaji fundi na siku kadhaa. Aliyetaka kumfuta katika filamu ya dakika kumi angehitaji karakana ya watu, na kila mmoja wao angekuwa shahidi wa kesho. Ndiyo maana kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini tuliiamini picha inayotembea kuliko picha iliyoganda. Tulidhani tunauamini ukweli wake, kumbe tulikuwa tunaamini ugumu wa kuighushi.

Fremu kuu na kazi ya katikati

Ugumu huo ulivunjwa na wazo lililotoka katika karakana za katuni. Katika studio kubwa kama ya Walt Disney, mchoraji mkuu hakuchora kila fremu. Alichora mikao muhimu: mkono ukiwa chini, mkono ukiwa juu. Wasaidizi wake ndio waliochora mikao ya katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada waliifundisha kompyuta kuifanya kazi ya wasaidizi hao. Msanii Peter Foldès aliitumia njia yao kutengeneza filamu fupi iliyotoka mwaka 1974, inayozungumzia ulafi wa wachache mbele ya njaa ya wengi.

Mchanganye fundi wa kinyago na fundi wa fremu kuu, utapata programu ya uhariri wa video iliyomo leo katika kompyuta ndogo ya mwanafunzi. Nieleze namna inavyofanya kazi, maana raia anayejua namna uongo unavyofumwa hudanganyika kwa shida.

Chukua video ya mwandamanaji aliyebeba bango. Mghushi anataka kubadilisha maneno ya bango hilo. Anasimamisha video katika fremu ya kwanza, anachora kinyago kuzunguka pembe nne za bango, anaweka maneno yake mapya ndani, kisha anaiambia programu kwamba hii ni fremu kuu. Anasogea mbele hadi pale bango linapoinama, tuseme fremu ya 40, anasahihisha pembe zile nne, anaweka fremu kuu nyingine. Fremu 38 za katikati programu inazikokotoa yenyewe. Kubandika uso hufuata njia hiyo hiyo, isipokuwa uso una alama nyingi zaidi za kufuatwa: pembe za macho, ncha ya pua, mstari wa midomo.

Kazi hii huonyesha nyufa zake mahali panapojulikana. Mkono unapopita mbele ya bango unahitaji kinyago chake. Ukisahauliwa, maneno yanaelea juu ya vidole. Kamera inapotikisika, herufi halisi hufifia kidogo pamoja na kila kitu, lakini herufi zilizopandikizwa hubaki kali. Kivuli huangukia upande mmoja katika umati na upande mwingine katika uso uliobandikwa. Darasani huwapa wanafunzi wangu muda wa kutazama kingo kabla ya kutazama katikati, kwa kuwa mghushi hutumia juhudi zake zote pale anapojua macho yataelekea. Hata hivyo huwaonya: ufundi wa kutambua nyufa una umri mfupi. Kila ufa ukishajulikana, fundi anayefuata huuziba.

Mwaka 1994 filamu ya Forrest Gump ilituonyesha umbali uliokwisha kufikiwa. Mhusika wa kubuni anapeana mkono na Rais Kennedy, na midomo ya Kennedy, aliyeuawa miaka 31 kabla, inatamka maneno ambayo hakuyasema. Mhusika huyo huyo amewekwa ndani ya tukio la mwaka 1963, gavana George Wallace aliposimama mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Alabama kuwazuia wanafunzi weusi. Dunia ilicheka, na filamu ikapewa tuzo ya Oscar ya madoido ya picha. Mwaka 1997 watafiti watatu, Bregler, Covell na Slaney, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kuipanga upya midomo ya mtu ifuate sauti nyingine, na Kennedy alikuwa miongoni mwa waliotumiwa kwa majaribio. Mwishoni mwa 2017 programu za aina mpya, zinazojifunza uso kutokana na mamia ya picha za mtu, zilianza kugawiwa bure mtandaoni. Sasa mashine inachora kinyago, inachagua fremu kuu, na kufanya kazi ya katikati. Karakana ya watu imetoweka, na mashahidi wa kesho wametoweka nayo.

Wanaoumizwa, na wanaonufaika

Tusidhani kwamba wa kwanza kuumia walikuwa marais. Matumizi ya mwanzo kabisa ya programu hizo yalikuwa kubandika nyuso za wanawake juu ya miili ya uchi. Mwaka 2018 mwandishi wa habari wa India, Rana Ayyub, anayejulikana kwa uchunguzi wake wa vurugu za Gujarat, alifanyiwa hivyo na watu waliotaka kumnyamazisha, naye akaeleza hadharani jinsi jambo hilo lilivyomwumiza na kumfanya ajizuie kuandika. Hakuna aliyehitaji kuamini kwamba video ile ni ya kweli. Ilitosha kwamba imeonwa. Wanaharakati wanawake wa kwetu wanalijua tishio hili.

Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017 zilisambaa katika simu za watu video zilizovaa nembo za CNN na BBC, zikidai kwamba kura za maoni zimemweka Uhuru Kenyatta mbele. Mashirika yote mawili yalizikana. Hapo hapakuhitajika akili mnemba. Palihitajika nembo, maandishi chini ya skrini, na watu wanaoamini vazi kuliko mvaaji.

Tukio linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la Gabon. Oktoba 2018 Rais Ali Bongo aliugua akiwa Saudi Arabia, na kwa wiki nyingi wananchi wake hawakuambiwa hali yake ilivyo. Mwaka mpya ulipoingia, serikali ilitoa video ya hotuba yake. Uso ulionekana umekakamaa, macho hayakupepesa kama kawaida. Minong'ono ikaenea kwamba video ni ya kughushi. Tarehe 7 Januari 2019 kikundi cha wanajeshi kikateka kituo cha redio ya taifa, kikaitaja hotuba ile kuwa imezidisha mashaka juu ya uwezo wa rais kuongoza. Jaribio lao lilizimwa siku hiyo hiyo. Wataalamu walioichunguza video hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa. Mtu aliyepatwa na kiharusi anaweza kuonekana hivyo.

Linganisha na Ukraine. Tarehe 16 Machi 2022 ilirushwa video ambamo Rais Zelensky anaonekana akiwaamuru askari wake waweke silaha chini. Video ile ilikuwa ya uongo, lakini haikufika mbali: serikali ilikuwa imewaonya watu mapema, na Zelensky mwenyewe akajitokeza haraka kuikana. Gabon ilikuwa na video halisi, ikashindwa kuaminiwa. Ukraine ilikabiliwa na video ya kughushi, ikaishinda kwa saa chache. Tofauti yao haikuwa ya kompyuta. Serikali inayowaficha wananchi habari za kawaida hujikuta haina kauli siku inapohitaji kuaminiwa. Na upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kiongozi aliyerekodiwa akipokea rushwa sasa ana utetezi uliokwisha kuandaliwa: video hiyo imetengenezwa.

Nakala nyingi, mikono mingi

Serikali zetu zimejibu kwa sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zilipotungwa ziliweka adhabu kwa uchapishaji wa habari za uongo. Mwathirika wa video ya kughushi anastahili mahali pa kukimbilia, na sheria ni mojawapo. Lakini historia niliyoieleza inatutaka tukumbuke nani alishika wembe kule Moscow. Mghushi mkubwa wa karne ya ishirini alikuwa dola, nayo ilikuwa na mamlaka ya kuamua lipi ni kweli na yupi ni mwongo. Kuiachia serikali peke yake kazi hiyo ni kumpa fisi zamu ya kulinda bucha.

Ipo njia iliyokwisha kujaribiwa jirani kabisa. Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2022, fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 zilipigwa picha vituoni na kuwekwa katika tovuti ambayo raia yeyote aliweza kuifungua. Nakala nyingine zilibandikwa mlangoni pa kituo, na nyingine zilikuwa mikononi mwa mawakala wa vyama. Ilipodaiwa mbele ya Mahakama ya Juu kwamba fomu zilidakwa njiani na tarakimu zake kubadilishwa, mahakama haikulazimika kutegemea macho ya mtaalamu peke yake. Fomu za karatasi zililinganishwa na zile za tovuti na za mawakala, na Septemba 2022 majaji wakaamua kwamba madai hayo hayakuthibitishwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya uchaguzi ule. Ninachosisitiza ni muundo: ili kughushi, ingebidi kughushi mlango, mfuko wa wakala, sanduku na tovuti kwa pamoja.

Kwa mtumishi wa umma, maana yake ni kwamba rekodi ya mkutano, ya operesheni au ya zabuni itunzwe katika faili lake la kwanza, ikiwa na tarehe, saa na jina la aliyeipokea, na nakala iwekwe mahali ambapo mkubwa wa ofisi hawezi kuifikia peke yake. Kwa mwanaharakati, ina maana ya kutoridhika na video iliyopita katika simu kumi. Atunze faili lililotoka moja kwa moja kwenye kamera, na inapowezekana apate rekodi ya pili ya tukio hilo hilo kutoka pembe nyingine. Kwa mwanafunzi, ni somo la zamani la kazi ya nyaraka: uliza hati imetoka wapi, imepita mikononi mwa nani, na ni nani mwingine aliye na nakala.

Yezhov alifutwa na chombo alichokiongoza mwenyewe, chombo kilichowafuta wengi kabla yake. Leo tunaijua sura yake, na nafasi aliyosimama kando ya maji, kwa sababu kuna nakala ya gazeti au picha ambayo mtu fulani hakuichoma.